Sharti la Bwawa

Mwaka wa 2014 baridi haikubisha hodi. Kwa kawaida, pale Thornhill, kaskazini kidogo ya Toronto, mtu hupewa karibu Novemba nzima aiandae bustani yake kabla ardhi haijawa jiwe. Mwaka ule watabiri wa hali ya hewa walitangaza kwamba ifikapo Alhamisi usiku maji yataganda, na tangazo hilo lilimkuta Anwarali amechelewa na kazi yake ya bustani.

Uzembe haukuwa tabia yake. Muharram ilikuwa imeangukia mwishoni mwa Oktoba, na katika siku zile za maombolezo Anwarali hakugusa sepetu wala reki, hata mchana. Kila jioni alivaa shati lake jeusi, akaendesha gari hadi msikitini kule Bathurst, akaketi safu ya mbele, mgongo umenyooka, akasikiliza majlis mpaka neno la mwisho. Wapo waliokuwa wakinyanyuka mapema ili wawahi kukusanya majani uani mwao kesho yake asubuhi. Aliwaona wakitoka, na nyuso zao akazihifadhi. Yeye alirudi kwenye bustani baada ya Ashura, wakati majani yalikwisha kulifunika bwawa kama blanketi lililolowa.

Bustani ile ilikuwa imebeba jambo zito kuliko maua yake. Mwezi wa Septemba, Naheed, binti yake wa pekee, alikuja kumtazama siku ya Jumapili kama ilivyokuwa desturi yake, akamkuta ana jeraha kwenye paji la uso. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi na hakumwambia mtu. Naheed akayarudia yale aliyoyasema tangu mama yake, Shabnam, alipofariki: kwamba nyumba ni kubwa mno, kwamba mtu wa miaka sabini haishi peke yake katika nchi ya barafu, kwamba chumba kipo kwake Scarborough. Anwarali hakubishana naye. Aliweka kikombe chini, akafuta masharubu, akatoa sharti.

"Nitaiandaa bustani, na bwawa la mama yako, kwa mikono yangu hii, pasipo mtu kunisaidia hata kwa kidole. Nikimaliza kabla maji hayajaganda, nabaki hapa na habari ya kuhama isitajwe tena mbele yangu. Nikishindwa, au nikisaidiwa, nahama siku hiyo hiyo. Umekubali?"

"Sawa, Bapa," Naheed alijibu kwa Kiingereza, lugha aliyomjibia tangu alipoanza shule, macho yake yakiwa kwenye simu.

"Nipe mkono."

Naheed alicheka kidogo, akampa mkono.

Kwa Anwarali jambo hilo likawa limefungwa. Alikuwa amesoma shule ya bweni kule milimani Iringa, shule ambayo asubuhi zake zilikuwa na ukungu na maji yake ya kuogea yalikuwa ya baridi kwa makusudi, na mwaka wa mwisho aliteuliwa kiranja mkuu. Pale watu wawili wakishikana mikono juu ya neno, neno hilo lilikuwa na nguvu kuliko amri ya mwalimu. Ameishi Dar es Salaam, ameishi Toronto, ameziona serikali zikigeuza kauli zao asubuhi na jioni. Hakupata kuona sababu ya mtu kuugeuza mkono wake. Hata nyumba yenyewe, baada ya Shabnam kuzikwa, aliiandikisha kwa jina la Naheed, asije binti akahangaika mahakamani siku ya siku. Watu wa msikitini walimwonya. Aliwajibu kwamba yule ni binti yake, si mpangaji.

Basi Alhamisi ilipofika, alikuwa ameshafanya mengi. Alikuwa amekata mawaridi, akayafukia mashina kwa udongo mpaka magotini na kuyavisha magunia. Alikuwa amechimbua viazi vya maua ya dalia, akavikausha na kuvilaza kwenye sanduku la maranda. Alikuwa amefunga bomba la nje na kumwaga maji yaliyobaki ndani ya mpira. Lililosalia ni bwawa.

Bwawa lile alilichimbisha Shabnam mwenyewe, nyuma ya nyumba, chini ya mti wa jirani, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya nchi. Aliweka humo samaki wa rangi, koi, aliowanunua wakiwa wembamba kama vidole. Sasa walikuwa wanene kama mkono wa mtu, wekundu, weupe na wa dhahabu. Kazi ya kuwaandaa kwa baridi ilikuwa na utaratibu wake, na Anwarali aliupenda kwa kuwa ni utaratibu. Chakula husimamishwa maji yanapoanza kupoa, maana tumbo la samaki hulala. Majani huopolewa, la sivyo yataoza chini ya barafu na kuwatilia sumu. Mayungiyungi hukatwa na vyungu vyake hushushwa kilindini. Pampu hutolewa, isije ikakoroga maji ya chini ambayo ndiyo yenye joto la kuwafikisha masika. Mwisho hutiwa hita ndogo inayoelea, ili pabaki tundu moja la kupumulia hata bwawa zima likifunikwa.

Alikuwa amevaa buti ndefu za mpira, reki mkononi, wakati Mohamedali alipoingia kwa lango la pembeni na chupa ya chai kwapani.

Mohamedali alikuwa rafiki wa tangu bwenini, vitanda vyao vikiwa jirani. Alikuwa mnene na mcheshi, amewahi kuuza tairi Mwanza na halafu Mississauga, na hakupata kuteuliwa kiranja wa chochote. Majuma yale alikuwa akija mara nyingi kuliko kawaida yake.

"Kiranja, shikamoo ya bure, maana najua hutaitika ukiwa kazini."

"Kiti kile pale. Kaa."

"Nimekuja na glavu."

"Zivue."

Mohamedali alizivua glavu akazikalia. "Bwana wee, hata mfungwa hushikiwa ndoo. Nikufunulie ule wavu wa kufunikia bwawa tu, upande mmoja. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe huhesabiwi."

"Mimi ndiye ninayehesabiwa. Binti yangu amenipa mkono wake. Unataka nimrudishie mkono mchafu?"

Naheed alipotajwa, Mohamedali aliinamia chupa yake ya chai akahangaika na kifuniko kilichokuwa kimelegea tangu mwanzo. "Wanetu hawa," alisema, "mkono kwao ni salamu tu, Anwar."

"Wako, labda."

"Sawa. Wangu." Akamimina chai, harufu ya iliki ikapanda katika hewa ile kavu. "Mimi wangu akinipa mkono huwa anataka ufunguo wa gari."

Anwarali hakucheka, ingawa mdomo ulimchezacheza. Alikuwa ameshaopoa majani yote, na vyungu vya mayungiyungi vilikwisha shuka. Ilibaki pampu. Mbingu ilikuwa ya rangi ya risasi, na upepo uliotoka kaskazini ulikuwa tayari umeanza kuuma masikio. Kabla jua halijatua kazi itakuwa imekwisha, atampigia Naheed simu, atasema maneno mawili tu: "Nimemaliza." Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo kwa siku kadhaa.

Akaingia majini kwenye kina kifupi, akainama, akaishika pampu kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kwa matope. Aliivuta, ikagoma, akaivuta tena, ikaachia ghafla, na lile jiwe la ukingoni alilokuwa ameegemea likazunguka chini ya goti lake. Alianguka kwa kukaa, taratibu, karibu kwa heshima, na maji yakaingia ndani ya buti na kuzijaza.

"Anwar."

"Kaa palepale."

"Toka majini."

"Natoka. Kaa kitini."

Alijaribu kusimama. Buti zilizojaa maji zilikuwa kama zimepigwa misumari chini. Akajaribu kwa kushika ukingo, na vidole vyake, ambavyo asubuhi ile vilifunga kamba za magunia bila kukosea, vikateleza juu ya jiwe kama vya mtu mwingine. Baridi ikampanda kiunoni, ikafika kifuani, ikaanza kumfundisha kupumua kwa vipande. Koi mmoja mweupe alipita karibu na mkono wake, bila haraka yoyote.

"Usiniguse," alisema Anwarali.

Mohamedali alisimama ukingoni, mikono imening'inia. Alisubiri muda ambao baadaye hata yeye hakuweza kusema ulikuwa wa nini. Kisha akaingia majini na viatu vyake vya ngozi na suruali yake ya kwendea msikitini, akamshika rafiki yake kwa mshipi na kwapa, akamvuta huku akihema kama fahali. Walitoka wote wawili kwa magoti.

Ndani, jikoni, Mohamedali alimvua buti, akamletea nguo kavu na mablanketi, akamwekea kikombe mikononi. Hakufanya mzaha hata mmoja mpaka meno ya Anwarali yalipoacha kugongana.

"Sasa nisikilize," alisema. "Mimi sikuona kitu. Nilikuwa naangalia ndege."

"Ndege gani?"

"Ndege yeyote. Umeteleza, umetoka, umebadilisha nguo. Pampu imetoka, si imetoka? Hita nitakuacha uweke mwenyewe. Bwenini hatukuchongeana hata siku moja, nianze leo?"

Anwarali alimtazama. Ni kweli hawakuchongeana. Lakini kule kulikuwa na sheria nyingine iliyokaa juu ya hiyo, na huyu aliisahau kwa sababu haikupata kumhusu: aliyekosa hupiga hatua mbele mwenyewe, kabla hajaulizwa. Mara nyingi Anwarali alikuwa amesimama mbele ya safu na kungoja hatua hiyo. Walioipiga aliwaheshimu mpaka leo, hata wale waliochapwa.

"Nipe simu," alisema.

"Anwar, usifanye upuuzi. Ni nyumba yako hii."

"Nipe simu."

Naheed alipokea akiwa kazini, katika duka lake la dawa. Anwarali alizungumza kwa Kiswahili kizima, bila kukimbia. "Nimeanguka bwawani. Mohamedali amenitoa. Sharti limevunjika, na nimelivunja mimi."

"Umeumia, Bapa? Umegonga kichwa?"

"Sikukupigia kuhusu mwili. Nakuarifu kwamba nimeshindwa."

"Nakuja," alisema Naheed, na simu ikakatika.

Alifika akiwa bado na koti jeupe la kazini chini ya jaketi. Alimpima baba yake mapigo ya moyo bila kuomba ruhusa, akamtazama macho, akamgusa miguu. Aliporidhika aliketi ukingoni mwa kiti, na hapo Anwarali akayarudia maneno yake, maana jambo kama lile halisemwi kwa simu peke yake.

"Tulipeana mkono," alisema. "Nilisema nikisaidiwa nahama. Nimesaidiwa."

Naheed alimtazama Mohamedali, na Mohamedali akatazama meza.

"Bapa," alisema Naheed, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alijaribu Kiswahili, cha kuvunjikavunjika, kama mtu anayetafuta taa gizani. "Ile sharti... haina maana. Usiwaze ile." Kisha Kiswahili kikamwishia, akarudi kwenye Kiingereza chake. Nyumba ilikuwa imekwisha uzwa. Iliuzwa Agosti. Wanunuzi walikuwa mume na mke vijana wenye watoto wadogo, na wangeingia Januari. Jumapili ile ya Septemba alikuwa amekuja kumwambia. Alikuwa amejipanga tangu nyumbani namna ya kuanza. Akamkuta na jeraha usoni, akapewa sharti, akaombwa mkono, na nguvu zikamwishia. Akaona heri amwachie bustani yake kwa msimu mmoja zaidi, afanye kazi kwa furaha. "Ulikuwa na furaha, Bapa. Nilikuwa naisikia kwenye simu."

Jokofu likaunguruma, likanyamaza.

"Kumbe uliponipa mkono," alisema Anwarali, "nyumba haikuwa yangu wala yako."

"Nilitaka kukufurahisha."

"Na bwawa?"

Naheed alikunja mikono ya jaketi. "Wana watoto wadogo. Watalifukia."

Anwarali alimgeukia rafiki yake. Hakupandisha sauti, maana kwenye mabweni sauti ya kiranja mkuu ilikuwa ikishuka pale jambo lilipokuwa zito. "Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla ya Muharram. Aliniomba nije kukuangalia, usije ukaanguka ukiwa peke yako."

"Kumbe ulikuwa zamu."

"Nilikuja kwa sababu wewe ni ndugu yangu. Leo nisingekuja ungekuwa wapi?"

"Ndugu yangu angeniambia nisipoteze mgongo wangu kwa mayungiyungi ya bwawa linalofukiwa. Ulikaa pale kitini na chai yako, unanitazama nashindania kitu kilichokwisha chukuliwa. Halafu ukanitolea uongo wa kunilinda. Unanilinda na nini, Mohamedali? Palikuwa na nini cha kulinda?"

"Jina lako," alisema Mohamedali.

"Jina langu lilikuwa salama mpaka mlipolionea huruma."

Suruali ya Mohamedali ilikuwa bado inachuruzika kwenye vigae, na hakuna aliyekuwa amemletea taulo.

Anwarali aliinuka. Alipanda ngazi polepole akishika mkono wa ngazi, na waliobaki chini walisikia kabati likifunguliwa na droo zikivutwa. Aliposhuka alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, tai imefungwa barabara, koti la baridi juu yake. Mkononi alikuwa na sanduku dogo na, kwapani, picha ya Shabnam iliyokuwa karibu na kitanda.

"Twende," alimwambia Naheed.

"Wapi?"

"Kwako. Nilisema siku hiyo hiyo."

Naheed alisimama kwa kushtuka. Chumba hakikuwa tayari. Adil, mwanawe, alikuwa bado analala humo, na vitu vyake vilikuwa vimetapakaa mpaka dirishani. Rangi ilikuwa haijapakwa. Mumewe hakuwa na habari. Walikuwa wamepanga Januari.

"Mlipanga nyinyi," alisema Anwarali. "Mimi sikupanga Januari na mtu. Nilitoa sharti, nimeshindwa, nahama leo. Nitalala sakafuni. Nimeshalala sakafuni."

"Bapa, tafadhali. Nimekwambia sharti halina maana tena."

"Kwangu linayo. Kama sikushindwa, basi nimefukuzwa. Chagua wewe ni lipi kati ya hayo mawili, maana mimi nitakwenda nalo kaburini."

Machozi yalimjaa Naheed, na baba yake aliyaona, na akapita.

Alikwenda moja kwa moja kwenye gari la binti yake, lililokuwa limeegeshwa mbele ya nyumba. Hakupitia uani. Alifungua mlango wa mbele, akaketi, akafunga mkanda, akaiweka picha ya Shabnam juu ya magoti, uso wake ukiangalia mbele. Upepo ulikuwa umetulia ghafla, kama unavyotulia kabla maji hayajaganda, na punje za kwanza za theluji zilianza kushuka juu ya kioo, chache, kavu, zisizoyeyuka.

Baada ya muda Mohamedali alikuja, bado amelowa, akagonga kioo kwa kifundo cha kidole. Anwarali alikishusha kidogo.

"Hita haijatiwa," alisema Mohamedali. "Mimi sijui inawekwaje. Naheed hajui. Wale samaki hawatafika asubuhi, Anwar, wakizibwa kabisa. Ni samaki wa Shabnam. Nieleze tu, nitafanya mimi."

Kupitia upenyo wa pembeni mwa nyumba, Anwarali aliweza kumwona binti yake kando ya bwawa, koti jeupe likichungulia chini ya jaketi. Alikuwa amekishika kile chombo kwa mkono mmoja na waya wake kwa mwingine, akiugeuzageuza waya, akiitazama nyumba, akitafuta ukutani mahali pa kuuchomeka. Mahali penyewe palikuwa nyuma ya gunia la waridi la tatu, chini, penye kifuniko cha kijani. Kumwambia kungekuwa kazi ya pumzi moja.

Mohamedali alingoja, mkono juu ya ukingo wa kioo.

"Muulize mwenye nyumba," alisema Anwarali, akapandisha kioo.